Mkono Nje ya Shuka

Katika miaka yote niliyomjua, sikumwona Mwalimu akishinda ubishi sokoni hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu wazima namna ya kujenga hoja na namna ya kuibomoa, lakini ukimtuma mbuzi angekurudia na mbuzi mzee aliyenunuliwa kwa bei ya mbuzi mchanga, kisha akueleze kwa nini muuzaji alikuwa na haki.

"Aliniambia mbuzi mzee ana uzoefu wa ukame," alisema siku moja, akivuta kwa kamba mnyama aliyebakiwa na meno machache. "Nilitafuta kosa katika hoja ile njia nzima. Nimeliona sasa hivi, hapa mlangoni."

"Kosa gani, Mwalimu?"

"Mimi nilitaka nyama. Sikutaka uzoefu."

Mambo ya alikozaliwa na ukoo wake siyajui, wala yeye hakuyataja. Tulichojua ni kwamba alitoka ng'ambo ya daraja. Miaka ile ya tisini, ukivuka Mto Tana kuelekea Nairobi, watu wa Garissa walisema umekwenda Kenya, na mtu aliyetoka huko alikuwa mtu wa Kenya. Mara ya kwanza Mwalimu kuitwa hivyo alikuwa amekaa na mzee mmoja kwenye hoteli ya chai, na aliufurahia mjadala ule hata akausimulia darasani kwa siku nyingi.

"Wewe ni mtu wa Kenya," mzee alimwambia.

"Na wewe je?"

"Mimi mtu wa Garissa."

"Na Garissa iko wapi?"

Mzee alikunywa chai kidogo, akafikiri. "Garissa iko Kenya," akasema. "Lakini Kenya bado haijafika Garissa."

Mwalimu aliyaandika maneno hayo ubaoni, akatuuliza: je, huyu mzee amejipinga mwenyewe? Tulibishana wiki nzima. Mwishowe tukakubaliana kwamba hakujipinga, kwa sababu neno Kenya amelitumia mara mbili, na kila mara amelibebesha mzigo tofauti. Mwalimu alipiga makofi kama mtoto aliyeona mvua. Ndivyo alivyotufundisha kwamba kabla ya kumwambia mtu amekosea, umuulize kwanza neno lake limebeba nini.

Darasa lenyewe lilikuwa la ngumbaru, katika chumba cha shule ya msingi hapa mtaani Iftin, baada ya swala ya alasiri watoto wakishaondoka. Madawati yalikuwa ya watoto, na watu wazima walikaa magoti yakikaribia kidevu. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kusoma na kuandika, kama serikali ilivyotaka. Nusu ya pili Mwalimu alifuta ubao, akavuta kiti, akasema, "Haya, sasa tuongee." Watu walikuja kwa ajili ya nusu hiyo ya pili. Dalali mmoja wa ngamia, mtu mkubwa mwenye ndevu za hina, alikaa miaka akiruka herufi zile zile, lakini nusu ya pili hakuikosa hata siku ya soko. Mwingine alikuwa Mama Miraa, aliyeuza miraa karibu na stendi na ambaye ulimi wake uliogopwa na makondakta wote.

Mimi nilipelekwa na shida. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata, na shule niliiacha darasa la sita ili nipike na kuuza anjera, mikate yetu myembamba ya kumimina, kila asubuhi. Nyuma yangu walikuwa watatu: Bishar, kisha Habiba, kisha Yunis ambaye bado alilala na kidole mdomoni. Siku tulipomaliza matanga ya mama, adeer, yaani baba mdogo, aliyetoka Tarbaj, alisema kwamba mvua zikipita atarudi kutugawa. Bishar angekwenda naye Tarbaj kuchunga ngamia, Habiba angepelekwa kwa shangazi kule Buna, Yunis angechukuliwa na mke wa adeer, na mimi ningeozwa. Nilijaribu kumjibu nikalia. Akaniambia bila ubaya wowote, "Halimo, mwanangu, hujui kuongea. Mtu asiyejua kuongea huongelewa."

Kwa hiyo nilikwenda kutafuta silaha. Nilitaka Mwalimu anipe maneno ya kumshinda adeer, watoto wabaki wote pale pale. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, nimesimama mlangoni na unga mikononi.

"Maneno ya kumshinda mtu sina," Mwalimu alisema. "Ningekuwa nayo nisingenunua yule mbuzi. Lakini kaa."

Mfano wake mkubwa aliuokota katika soko la mifugo. Asiyelijua soko letu hushangaa kuona wanaume wawili wameshikana mikono chini ya shuka, kimya, nyuso kavu kama ukuta. Vidole ndivyo vinavyopatana bei, ili jirani asiisikie. Mwalimu alisimama pale asubuhi nzima chini ya mwavuli wake mweusi, mwavuli ambao katika mji wetu haukuwahi kuona mvua ya maana. Jioni ile alitujia na macho yanang'aa.

"Nimeona hoja zenu zote leo," alisema. "Mnaongea chini ya shuka!"

Alitaka mfano. Mama Miraa akatoa: kuna kijana anamposa binti yake, na kijana ana gari, basi ni mume mzuri.

"Mkono mmoja nauona, ana gari," Mwalimu alisema. "Mkono wa pili nauona, ni mume mzuri. Lakini mikono hii imekutana wapi? Toa mkono nje ya shuka, mama. Chini kuna nini?"

Mama Miraa alikunja uso. "Chini kuna... kwamba mtu mwenye gari hawezi kuwa mume mbaya."

Darasa zima likageuka kumtazama, maana mji mzima ulijua kwamba mume wake mwenyewe alikuwa na lori, na kwamba aliondoka nalo.

"Wallahi," Mama Miraa akasema, "nimejichapa mwenyewe."

Tangu siku hiyo neno lilienea. Ungesikia mtu hotelini akimwambia mwenzake, "Toa mkono nje ya shuka," na mwenzake akaanza upya, safari hii akitaja na lile alilolificha. Wengi hawakuwa wameficha kwa hila. Hawakujua tu kwamba mkono uko pale.

Mfano mwingine ulikuwa ngamia mweupe. Mwalimu alisema mtu akidai ngamia wote ni wa rangi ya udongo, huna haja ya kumpelekea kundi zima. Mpelekee mweupe mmoja, umemaliza. Dalali, ambaye hakupenda kitu kupita bila kujaribiwa, alisimama siku hiyo hiyo.

"Mimi nasema, watu ya serikali yote inachelewa. Yote! Leta ngamia."

Hapo Mama Miraa akaanza kucheka, akimnyooshea kidole Mwalimu, aliyelipwa na serikali na ambaye tulimkuta darasani kila siku kabla yetu, ubao umeshafutwa.

"Hii hapa," akasema. "Ngamia mweupe imesimama."

Dalali alikubali kwa heshima, na jina likamganda Mwalimu. Baada ya muda baiskeli yake ilipata pancha, akafika sisi tumeshakaa, jasho linamtiririka. Darasa lililipuka kwa vigelegele. "Amebadilika rangi!" Dalali alipiga kelele. "Ngamia amekuwa wa udongo!" Mwalimu aliegemeza baiskeli ukutani, akasema kwa uzito, "Kuchelewa mara moja hakumfanyi mtu kuwa mchelewaji," nasi tukamrukia wote pamoja: mara ngapi, basi? Mara mbili? Mara kumi? Alikaa akajikuna kichwa. Alisema hilo ni swali gumu kuliko yote tuliyowahi kumuuliza na kwamba hana jibu. Hakuona aibu kusema hana jibu, na hilo nalo tulilizoea polepole, maana kwetu mtu mzima aliyeulizwa hujibu hata kama hajui.

Mtu akimtukana mwenzake badala ya kujibu neno lake, Mwalimu alisema, "Umempiga mchungaji, na mbuzi bado yumo shambani." Watu wanaolima kando ya mto waliuelewa mfano huo mara moja. Na mtu akizunguka, akathibitisha neno kwa neno lile lile, Mwalimu alizungusha kidole hewani, mpaka mtu mwenyewe akanyamaza na kutabasamu.

Lakini alilolipenda kuliko yote alifundishwa na Dalali. Kwetu, jamaa yako akikosa maziwa kwa ukame, unamwazima ngamia anayekamuliwa. Anakunywa maziwa yake, na mambo yakitengemaa anakurudishia ngamia wako. Na ole wake akimrudisha amekonda. Watasema kisimani, miaka na miaka, kwamba fulani aliazimwa ngamia akarudisha mifupa.

Mwalimu alipoyasikia hayo alifuta ubao wote. Kisha akaweka kanuni ambayo ilikuwa kanuni pekee ya darasa lake. Maneno ya mwenzako, alisema, ni ngamia wa kuazimwa. Kabla ya kuyajibu, yarudishe, na yarudishe yamenona. Yaseme vizuri kuliko alivyoyasema mwenyewe. Mwenzako akiridhika atasema *waa sidaas*, ndivyo hivyo, na hapo tu ndipo una ruhusa ya kujibu.

Kanuni hii ilitutesa. Dalali alipotakiwa kurudisha maneno ya Mama Miraa kuhusu kwa nini madalali wote ni wezi, alijaribu mara nyingi, na kila mara Mama Miraa alitikisa kichwa. "Imekonda," alisema. "Lete mwingine." Mwishowe Dalali alizungumza kwa dakika nyingi juu ya mjane anayefika sokoni na kondoo wake wa mwisho, hajui bei, hajui lugha ya vidole, anaona shuka tu ikitikisika na hatima yake iko ndani. Alipomaliza, Mama Miraa alikuwa na machozi.

"*Waa sidaas*," akasema. "Sasa jibu."

Dalali akafuta uso kwa ncha ya shuka. "Mwalimu, hii kanuni yako iko mbaya sana. Mimi sasa nakubaliana na yeye, na mimi ndiyo dalali!"

Sasa niseme ukweli kuhusu Mwalimu. Yeye mwenyewe kanuni hii aliivunja kila jioni. Alikuwa na redio ndogo, na akisikiliza mtu akihojiwa alikuwa akibweka, "Hoja gani hiyo! Hoja gani!" kisha anaizima mtu akiwa katikati ya sentensi. Dalali alimwambia mara moja, "Mwalimu, rudisha maneno ya redio kwanza." Mwalimu akajibu kwamba redio haina uwezo wa kusema *waa sidaas*. Alifundisha watu kuamua, na yeye alishindwa kuamua kati ya kandambili mbili kwa sababu kila moja ilikuwa na hoja yake. Alisifu usikivu, lakini chai yake haikunyweka ikiwa moto hata siku moja, kwa kuwa hakuacha kuongea. Nilipomletea anjera alikula ukingo kwanza na kuacha katikati mwisho, na ukimuuliza sababu alisema hiyo ni tabia, na tabia haihitaji hoja. Nilimwona kuwa mtu wa ajabu. Nilimpenda kwa hilo.

Siku nilipoona niko tayari, nilisimama darasani nikatoa hoja yangu ya kumjibu adeer. Nilikuwa nimeirudia peke yangu jikoni, nikimimina anjera. Nilisema: wanaokula sinia moja ndio ndugu. Adeer anataka kututoa katika sinia yetu. Kwa hiyo adeer anataka kuua undugu wetu.

Nilidhani watapiga makofi.

"Wafungwa wanakula sinia moja," Mwalimu alisema kwa upole. "Ni ndugu?"

"Mimi nimekula sinia moja na mtu ambaye aliniibia kondoo usiku huo huo," Dalali akaongeza.

"Basi kula pamoja hakutoshi," Mwalimu alisema. "Tuulize upande wa pili. Je, ni lazima? Mama, wewe una dada?"

"Iko Mandera," Mama Miraa alisema. "Sijakula na yeye tangu tukiwa wasichana."

"Kumbe si dada yako tena."

"Nani amesema?" Mama Miraa aliinuka nusu kutoka kwenye dawati. "Mtu akimgusa, hata wewe Mwalimu, namng'ata!"

Watu walicheka. Mwalimu alinigeukia. "Haitoshi, na si lazima. Sasa, Halimo, sinia ni ya nini?"

"Sinia ni ya kula!" nikasema kwa hasira, na darasa likacheka zaidi. Mwalimu hakucheka. Alisema hapo nimeanza vizuri, kwa sababu nimesema kitu cha kweli. Alisema niende nikaitazame hoja ya adeer, niinoneshe, kisha nirudi. Sikurudi na hoja. Mvua zilipita, na adeer akaja kabla sijamaliza.

Alikuja na wazee wawili wa ukoo. Walikaa kwenye mkeka baada ya swala ya adhuhuri, nikawaandalia chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki. Watoto niliwaweka chumba cha ndani, lakini Bishar alisimama mlangoni na sikumfukuza. Adeer alisema aliyokuja kusema, kwa kifupi, kama mtu anayegawa mizigo: huyu huku, huyu kule. Akaniuliza kama nina neno.

Nikamwomba ruhusa nimrudishie kwanza maneno yake. Wazee walitazamana. Adeer akasema, "Yarudishe."

"Adeer," nikasema, "unasema hivi. Ndugu yako amekufa na watoto wake wanakula kwa mkono wa msichana. Msichana huyo akiolewa kesho, watabaki na mkono wa nani? Unasema mji hauna ukoo. Mtoto akiugua hapa, jirani atasema pole na kufunga mlango. Kule kwenu mtoto ana mama wengi. Na unasema jambo moja ambalo hujalitoa nje. Ukifika kisimani watu wanakuuliza, watoto wa ndugu yako wako wapi? Na wewe huna la kujibu."

"Hilo la kisimani sikulisema," adeer alisema.

"Hukulisema, adeer. Lilikuwa chini ya shuka."

Mzee mmoja alicheka mpaka chai ikammwagikia kwenye kikoi. Adeer alitazama chini, na nilipoona anafuta ndevu polepole nilijua nimemgusa mahali palipo na kidonda. Hakuwa mtu mbaya. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na aibu yake mwenyewe aliyokuwa akiibeba kutoka Tarbaj hadi Garissa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ngamia alikuwa bado hajanona, na mimi nilikuwa najua wapi anapungukiwa. Hoja ya adeer ilikuwa na mguu mmoja ambao yeye mwenyewe hakuujua. Nilimwona Bishar mlangoni. Nikaendelea.

"Na liko la mwisho, ambalo ungelisema kama ungelijua. Kila siku ya soko Bishar anatoroka shule. Nikimtafuta namkuta kwa ngamia. Hafanyi kitu, anasimama tu kati yao. Anazijua alama za kila ukoo. Darasani hajui ukurasa. Mji unambana, adeer. Hilo nalo ni lako."

Adeer aliweka kikombe chini.

"*Waa sidaas*," adeer alisema.

Kisha nikajibu, na niliyojibu nilikuwa nimeyapata pale pale, kwa sababu hoja ikinona unaona na viungo vyake. Nikasema: adeer, ulilolisema ni kwamba nyumba hii haina mkubwa. Basi kinachokosekana ni mkubwa. Nyumba ipo. Ayeeyo, bibi yetu, yuko kwako Tarbaj, hana mtoto wa kulea. Mlete ayeeyo hapa. Nyumba itakuwa na mkubwa, mimi nitasubiri kuolewa, na ukiulizwa kisimani utasema watoto wa ndugu yangu nimewapa mama yangu mwenyewe.

Wale wazee walisema karibu kwa sauti moja kwamba neno limekaa. Habiba na Yunis walibaki.

Lile la Bishar lilibaki la adeer. Adeer alimuuliza, "Wewe unataka?" Bishar hakumtazama adeer, alinitazama mimi. Akasema ndiyo.

Siku walipoondoka naye nilikwenda kwa Mwalimu nikiwa nimechemka. Alikuwa anafuta ubao. Nilimwambia kanuni yake imeninyang'anya ndugu. Nilikuja kutafuta namna ya kuwaweka wote, na yeye amenifundisha kumtetea anayewachukua. Ningenyamaza tu, ningekuwa nao wote.

Mwalimu aliweka kitambaa chini. Akasema, "Ngoja nikurudishie." Na akarudisha. Alisema: umelea watoto watatu kwa unga na moto, ukanijia mimi, mtu mzima mwenye mshahara, ukaomba msaada, nami nikakupa mchezo wa darasani. Mimi nikishindwa hoja napoteza mbuzi. Wewe ukiwa mkweli unapoteza mtoto. Na sikukuonya.

Nilikuwa nalia. "*Waa sidaas*," nikasema. "Sasa jibu."

Alisimama, chaki imemjaa vidoleni. "Sina," alisema.

Nilitaka sana awe na jibu. Kesho yake alikuja kwetu kwa baiskeli akiwa amefunga nyuma gunia la unga, akaliweka mlangoni, akaondoka bila kuongea. Nafikiri ndiyo siku pekee ambayo chai yake ingenyweka moto, kama angekubali kukaa.

Niliendelea kwenda darasani. Bishar alikuwa akija mara chache sana, kila mara amerefuka, na kila mara nilimtazama usoni nikitafuta kama nilikosea, nisione ndiyo wala siyo. Mwalimu naye alipewa uhamisho, akavuka daraja. Sikumwona mpaka mwaka ule baada ya mafuriko makubwa, barabara zilipokuwa zimefunguka tena. Alikuwa amestaafu na amekuja kuaga marafiki. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa, masikio mazito, mwavuli ule ule. "Sasa ni ngamia mweupe kweli," Dalali alimwambia, na ilibidi aseme mara mbili.

Nikamwalika chakula cha mchana. Ayeeyo alikuwa hai bado, amekaa kwenye pembe yake na tasbihi. Habiba alikuwa amepika wali na nyama ya mbuzi, Yunis ametandika mkeka. Tulipokuwa tunakaa, mlango ukafunikwa na kivuli. Alikuwa Bishar. Ameleta ngamia sokoni kutoka Tarbaj, mwembamba, mrefu, uso umepigwa na jua, shuka imemfunika mabega na mikono.

Nilimwambia Mwalimu huyu ni nani. Mwalimu alisogea kumpisha kwenye mkeka. Kisha akamwambia, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia, "Kijana, unajua kanuni ya darasa langu?"

"Naijua. Adeer anaitumia mpaka leo kwa kisima. Watu wamechoka."

"Basi nirudishie maneno ya dada yako. Kwa nini alitaka ubaki?"

Nikasema, "Mwalimu, chakula kinapoa." Hakusikia, au alijifanya hakusikia. Bishar alikaa, akakunja miguu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Dada alisema hivi," akaanza. "Baba amekufa, hiyo ni kazi ya Mungu. Mama amekufa, ni kazi ya Mungu. Hapo mtu anasema *innalillahi*, ananyamaza. Lakini mtoto akienda akiwa mzima, hiyo si kifo, hiyo ni sisi tumefanya, na huwezi kunyamaza. Alisema yeye atapika anjera asubuhi, na mkono wake umezoea. Atakata vipande nne, ya kila mtu, halafu ataona kimoja kimebaki kwa sinia. Na hawezi kumpa Yunis, kwa sababu si ya Yunis. Kila siku."

Sikuwahi kumwambia mtu habari ya kipande kile. Habiba aliinamisha kichwa. Yunis alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Amesemaje?" Mwalimu aliniuliza, amekinga sikio kwa mkono. "Ngamia amekonda au amenona?"

"*Waa sidaas*," nikasema, kwa sauti ya kutosha asikie.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akamgeukia Bishar. "Haya, ameridhika. Sasa una ruhusa. Jibu."

Bishar alimtazama ayeeyo, akaitazama sinia.

"Jibu sina, Mwalimu," akasema. "Mimi nimekuja kula."

Akatoa mkono nje ya shuka, Yunis akammiminia maji, akanawa, akautia kwenye wali.